Nani Ananunua Puti?

Leo nina habari ya kutu, na nitaipitisha kwenye gari ambalo watu huapa kwamba halijui kutu. Ni Land Rover ya zamani, zile za springi bapa zilizobeba mabwana shamba, wamisionari, polisi na abiria wa Kusini enzi ambazo lami ilikuwa hadithi. Itaje barazani, hutakosa mzee wa kukuambia, "Hiyo bodi ni alumini, mwanangu. Haiozi hiyo. Utawarithisha wajukuu." Kuhusu alumini mzee hajakosea. Ila gari lile halisimami juu ya alumini.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa hoi, na chuma kilitolewa viwandani kwa mgao wa serikali. Kampuni ya Rover, pale Solihull, ilihitaji haraka kitu cha kuuza nje. Mkuu wa wahandisi wake, Maurice Wilks, alikuwa na Jeep ya jeshi la Marekani aliyoitumia shambani kwake kisiwani Anglesey, akaona la kwao linawezekana. Chuma kilikuwa adimu, lakini alumini ilikuwapo, maana vita vilikuwa vimekwisha na ndege za kivita hazikuhitajika tena kwa wingi ule. Bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, yaani alumini iliyotiwa magnesi kidogo, na Aprili 1948 gari likaonyeshwa hadharani Amsterdam. Kwa hiyo aliyeichagua alumini hakuwa anawaza upepo wa bahari wa Tanga wala Mombasa. Aliichukua kwa sababu ndiyo iliyopatikana.

Huku chini mambo yalikuwa mengine. Rover hawakuwa na fedha za mitambo mikubwa ya kukandamiza chasisi nzima kwa mpigo mmoja. Wakachukua mapande bapa ya chuma, manne manne, wakayachomelea kingo kwa kingo mpaka yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Ukuta wa mbele, ule unaoitenga injini na miguu ya dereva, ni wa chuma. Fremu za milango nazo ni za chuma, zimevikwa ngozi ya alumini kwa nje. Hata zile zilizounganishwa Thika na Leyland Kenya zilikuwa hivyo hivyo. Kinachoonekana hakishiki kutu, na kinachobeba kila kitu kinashika. Sijui gari jingine lililojua kumdanganya mnunuzi kiasi hicho bila muuzaji kufungua mdomo.

Ile chasisi ya boksi ina matundu mengi, mengine ya kupitishia nyaya, mengine ya kutolea maji. Kila ukivuka mto, kila ukipita tope la masika, ndani huingia uji wa udongo. Matundu ya kutolea maji huziba, udongo ukatulia sakafuni mwa boksi na kukaa na unyevu wiki nzima wakati barabara imeshakauka na kutimua vumbi. Chuma kinaanza kuliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiinama ukaangalia uvunguni, rangi nyeusi bado ipo, inang'aa hata. Ni ile nyumba ya udongo ambayo mchwa wamemaliza nguzo na ukuta bado umesimama kwa heshima ya lipu.

Kutu yenyewe haina uchawi. Inahitaji chuma, maji na oksijeni, basi. Chumvi haimo katika orodha hiyo, lakini ikiongezeka inaharakisha kazi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni shughuli ya umeme mdogo unaotembea ndani ya chuma kutoka doa moja kwenda jingine. Chumvi pia huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo gari la pwani linaweza kulala chini ya paa, bila tone la mvua, na asubuhi uvungu ukawa umelowa. Ndiyo maana mimi nikisikia Land Rover inauzwa Dodoma au Namanga nauliza bei. Nikisikia ilikuwa inabeba samaki, barafu ikiyeyuka na maji ya chumvi yakichuruzika sakafuni kila siku ya Mungu, nauliza kwanza kama chasisi ipo.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa gari hili hawapendi kulisikia. Hiyo alumini yao nayo huliwa. Ikigusana moja kwa moja na chuma, katikati kukawa na unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayojitoa mhanga. Utaona unga mweupe kwenye maungio, chini ya mlango, kuzunguka riveti na bolti, na rangi inavimba vijipele. Ukiukwangua unga ule unakuta bati limekuwa kama karatasi. Kwa upande mwingine tabia hiyo hiyo ndiyo inayoifanya zinki kuwa mlinzi mzuri: ikipakwa juu ya chuma, huliwa yenyewe kabla ya chuma kuguswa. Wenye uwezo huagiza kutoka Uingereza chasisi mpya iliyozamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, kwa joto la nyuzi 450 hivi, ndani na nje. Ni suluhisho zuri kuliko yote. Nauli ya meli na ushuru ndivyo vinavyomrudisha mtu kwa fundi wa mtaani.

Haya, tumekwenda kwa fundi. Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ambako wenyeji wa zamani bado wanakuita Grogan. Gari limefika. Mwenye gari anasema, "Fundi, nataka lirudi kama jipya, lakini Jumamosi ya wiki ijayo nina arusi ya binti." Fundi anaingia uvunguni na bisibisi na nyundo ndogo. Anagonga. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya kufa. Anachokonoa kwa bisibisi boriti ya nyuma, pale panapofungwa ndoano ya kuvutia, na ncha inazama. Anachokonoa mahali springi zinaposhikiliwa. Anachokonoa mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kubeba ukuta wa mbele. Anainua mkeka wa dereva, anaona mchana.

Anatoka, anapangusa mikono, anasema, "Bosi, hapa kuna kazi mbili." Ya kwanza ni kukata vyote vilivyooza, kuunda vipya, kuchomelea, kupaka dawa, halafu ndipo rangi. Ni miezi, na bei yake anaitamka polepole. Ya pili ni kusugua juu juu, kujaza puti, kupiga msasa, kupuliza rangi. Ni siku chache, na bei yake ni ndogo. Nani hajui bosi anachagua ipi? Masika yakipita, rangi inavimba, puti inaanguka vipande, na bosi anazunguka mjini akisema mafundi wa nchi hii ni wezi.

Mimi siwatakasi mafundi. Yupo anayepokea fedha ya kazi ya kwanza akafanya ya pili, na huyo ni mwizi kweli, hana jina jingine. Lakini nimekaa sana kwenye magereji, na nilichokiona mara nyingi zaidi ni mwenye gari kulipia kile tu ambacho jicho lake linafika. Fundi akisaga kutu siku tatu uvunguni, gari linaonekana baya kuliko lilivyokuja, na mteja anakasirika kwa nini alipe. Akipuliza rangi nusu siku, mteja anatoa simu na kupiga picha. Soko likishakuwa hivyo, fundi anayejua kukata chuma atakufa njaa, na anayejua puti atajenga. Hata Arusha walipofanya tamasha lao la Land Rover mwaka 2024, picha nilizoletewa zilikuwa za boneti na taa. Hakuna aliyenitumia uvungu.

Na kuhusu puti, tuitendee haki. Puti ni kitu kizuri. Kazi yake ni kusawazisha bonde dogo lililobaki baada ya bati kunyooshwa, unene wa milimita tatu hivi ukizidi sana, juu ya chuma safi. Kuziba tundu si kazi yake. Ndani ya puti kuna unga wa ulanga, na unga huo hunywa maji. Gari lililojazwa puti likaachwa nje kwenye mvua kabla ya rangi limeshawekewa maji mgongoni mwa bati, na rangi itakuja kuyafungia humo. Kwenye gari la chuma mnunuzi mjanja hutembeza sumaku. Ikiachia, pana puti. Kwenye Land Rover ujanja huo haufai kitu, kwa kuwa sumaku haishiki alumini hata ikiwa safi. Pale inabidi utumie kifundo cha kidole na sikio.

Sasa tuseme umekubali kazi ya kwanza. Inaanzaje?

Inaanza kwa kufungua betri na kulitoa tangi la mafuta, ambalo kwenye nyingi za Land Rover hizi liko chini ya kiti. Mtu akikuambia tangi ni tupu, hana wasiwasi, wewe uwe nao. Tangi lililojaa petroli lina nafasi ndogo ya mvuke. Tangi tupu ni mvuke mtupu, na mvuke ndio unaolipuka. Halafu gari linawekwa juu ya stendi nne, kwenye sakafu iliyo sawa, na chasisi inapimwa kwa kamba au futi, kona kwa kona, mshazari huu na ule. Vipimo viwili visipolingana, imepinda. Ukichomelea chuma kipya kwenye chasisi iliyopinda umeifunga ipinde milele, na tairi zako zitakuwa zinaliwa upande mmoja huku unamlaumu fundi wa alaimenti.

Kisha kukata. Hapa ndipo moyo wa mwenye gari unapojaribiwa, kwa sababu tundu la ukubwa wa sarafu likishasagwa huwa la ukubwa wa sahani. Fundi mwaminifu hasimami kutu inapoisha kuonekana. Anasimama anapofika chuma cha unene wa awali, kama milimita mbili hivi kwa chasisi hii. Kuchomelea kiraka kipya juu ya kilichooza, mtindo unaopendwa sana, ni kuwaandalia maji chumba kati ya mabati mawili. Kutu nayo inapozaliwa hunenepa, inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilichokuwapo, na nguvu hiyo husukuma mabati mawili yakaachana hata kama yalichomelewa vizuri.

Kiraka kinakatwa kwa unene ule ule wa chasisi. Chuma kinene zaidi hakileti nguvu, kinahamishia mpasuko pembeni yake. Pembe zake zinaviringwa, maana ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali. Na ncha za kiraka zinakatwa mshazari, ili mstari wa kuchomelea usikate chasisi wima kama kisu. Vitu vidogo hivi ukimwona fundi anavifanya bila kuambiwa, usibishane naye bei.

Kuchomelea chasisi kwa rodi za kawaida kunawezekana, na mikono iliyozoea inafanya vizuri. Sakafu ya miguuni ni habari nyingine. Bati pale ni jembamba, rodi hulichoma tundu, fundi akaziba tundu, likatokea jingine. Mashine ya waya na gesi ndiyo inayofaa. Hata hivyo haipelekwi mstari mmoja moja kwa moja. Anaweka nukta hapa, anahamia kule, anarudi katikati, anaacha pakapoa, mpaka nukta zinakutana. Akiwa na haraka, joto linalitanua bati, likipoa linakuwa na mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yatakayoita puti.

Wenye Peugeot 404 na 504 mnisikilize hapa kidogo, msidhani mmesahaulika. Gari lenu halina chasisi ya kujitegemea. Bodi nzima ndiyo chasisi. Ile boksi ya chini ya milango ndiyo mgongo. Ukiikata kabla ya kuimarisha mwanya wa mlango kwa vyuma vya muda, gari linakunjika katikati na milango haitafungika tena. Zile 404 alizoendesha Bert Shankland wa Dar es Salaam akashinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 zilikuwa ngumu kwa sababu bati lote lilibeba mzigo kwa pamoja. Bati likiliwa na kutu, hakuna kingine cha kubeba.

Tuje kwenye kunyoosha bodi, kazi ninayoipenda kuitazama kuliko zote. Madigadi ya Land Rover yamegonga miti, mageti na ng'ombe. Fundi mzuri hakimbilii nyundo. Anaangalia bonde, anatafuta mkunjo upi uliingia mwisho, na huo ndio anaoutoa kwanza, akirudi kinyumenyume mpaka pale ajali ilipoanzia. Mkono mmoja una nyundo, mwingine umeshika bonge la chuma lenye uso laini nyuma ya bati. Akipiga mahali bonge lilipo, bati linatandazika na kutanuka. Akipiga pembeni ya bonge, kilima kinashuka na bonde linapanda bila kutanuka sana. Asiyejua tofauti hiyo hupiga mpaka bati linalegea na kutoa mlio wa debe kila ukilibonyeza.

Alumini inataka adabu zaidi. Imeshakunjwa na ajali, imekuwa ngumu. Ukiigonga hivyo hivyo inapasuka. Lazima ilainishwe kwa moto. Sasa, chuma kikipata moto hubadilika rangi, kikaiva chekundu, fundi akajua. Alumini haisemi kitu. Ni nyeupe, ni nyeupe, halafu ghafla inadondoka chini, kwa kuwa huyeyuka nyuzi 660 tu. Dawa yake ni sabuni ya mche. Fundi anaipaka kavu juu ya bati, anapitisha moto mpana kwa upole, na sabuni ikigeuka kahawia nzito kuelekea nyeusi anaondoa moto hapo hapo. Bati limelainika. Likipoa analilaza juu ya mfuko wa mchanga na kuligonga kwa nyundo ya mbao, likimfuata anakotaka. Na brashi ya waya iliyosugulia chasisi asiipitishe juu ya alumini, kwa sababu chembe za chuma hujikita humo na kuota kutu zenyewe.

Baada ya hapo ni ulinzi. Chuma kilichosagwa kisilale uchi usiku mmoja pwani; asubuhi kimeshakuwa cha rangi ya chungwa. Mahali ambapo grenda haifiki, hupakwa dawa yenye asidi ya fosforasi inayogeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka gumu, kisha praima, kisha rangi. Kati ya chuma na alumini huwekwa mpira au gundi ya maungio, visigusane. Ndani ya boksi la chasisi hupulizwa nta au grisi iliyoyeyushwa, baada ya udongo wote kuoshwa na kukauka. Oili chafu iliyochanganywa na dizeli, wanayoipenda madereva wa zamani, inasaidia kweli dhidi ya kutu, lakini inazivimbisha bushi za mpira, na inayodondoka inaishia kwenye udongo na visima vya majirani.

Na mafundi wenyewe, tafadhali. Kuchomelea bati lenye zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa ya usiku, na glasi ya maziwa haiizuii, haidhuru watu wanasemaje. Rangi za kuchanganya na kikaushio zina kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Bosi anayelipia rangi ya kisasa alipie na barakoa yake inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Sasa malipo. Wewe na fundi mkubaliane kwa hatua. Hatua ya kwanza ni kukata. Njoo uone chuma kikiwa uchi, piga picha, lipa. Ya pili ni kuchomelea. Njoo uone kabla ya praima, gonga kwa nyundo, lipa. Rangi iwe ya mwisho na iwe sehemu ndogo ya fedha. Mteja anayekuja gereji siku ya rangi peke yake amenunua rangi, na asidai zaidi.

Limebaki la karatasi. Hapa Tanzania usajili wa magari uko Mamlaka ya Mapato, na namba ya chasisi iliyo kwenye kadi lazima ilingane na iliyo kwenye chuma. Kwenye Land Rover nyingi za zamani namba hiyo imegongwa karibu na mshikio wa springi ya mbele, upande wa kulia, mahali panapooza mapema na ambapo grenda hupita bila kuuliza mtu. Kama unafikiria kubadili chasisi nzima, waulize wahusika kabla ya kukata, usiende baada ya kukata. Na hata kama ni kiraka tu, chukua brashi ya waya leo, sugua pale mbele taratibu, isome namba, ipige picha, ilinganishe na kadi. Ndipo umwite fundi.